Taa za spoti za volti 12: transfoma kubwa haikusaidia kitu

Kama una zile taa ndogo za spoti kwenye jipsamu, ukatoa balbu za zamani ukaweka LED na sasa zinachezacheza, nyingine haziwaki kabisa, soma hii kwanza kabla hujamlipa fundi. Mi nimelipa wawili, na yule wa kwanza nilimlipa bure.

Nyumba yetu iko Kigamboni, tuliinunua kwa mtu aliyekuwa anafanya kazi Dubai na vifaa vingi vya umeme alivishusha mwenyewe kwa kontena. Kwa hiyo sebule, dining, bafu, korido mpaka bustanini, taa zote ni za volti 12 zinazopitia transfoma ya kushusha umeme, sio za kuunga moja kwa moja kwenye 230. Balbu zake ni zile za duara za upana wa sentimita 5 hivi, nyuma zina miguu miwili myembamba iliyonyooka unaichomeka tu, kwenye boksi wanaandika MR16 na holda yake GU5.3. Kuna nyingine ukiitazama kwa mbele ni ileile kabisa ila nyuma miguu yake ni mifupi minene, unaingiza unazungusha, hiyo ni GU10 na ni ya 230, haina habari na transfoma. Dukani wanazichanganya kila siku kwa hiyo usiseme tu "nipe ya spoti", nenda na balbu mkononi.

Tulihamia zikiwa na halojeni, zile balbu za zamani za joto, za wati 50. Sebule na dining zipo 12, hapo ni wati 600 kila ukiwasha swichi. Zikiwaka saa tano kila usiku ni uniti 3, mwezi ni uniti 90, na sisi tunaolipa 350 na kitu kwa uniti hiyo ni elfu 32 ya taa za sebuleni tu, bado friji, bado pampu, bado AC ambayo yenyewe inahangaika kupoza joto la hizo taa. Nilipotoa taa moja kuiangalia nikakuta jipsamu ya pembeni ya tundu imekuwa rangi ya chai na ganda la waya wa kwenye holda limekauka, ukiligusa linavunjika. Nikasema hapana, hizi zinatoka. LED za wati 5 za miguu ileile zinaingia palepale, 12 zote ni wati 60, bili inashuka mpaka elfu 3 na ushee. Hesabu ilikuwa tamu aisee.

Usiku wa kwanza tukawasha. Mbili za juu ya tivii hazikuwaka. Nne zikawa zinapepesa haraka haraka mpaka macho yanauma, moja inawaka vizuri inatulia unaanza kufurahi halafu inazima yenyewe, na juu ya dari kuna kasauti kanalia ziii. Zilizobaki zinawaka lakini ukipitisha mkono mbele yake unauona unakatikakatika.

Fundi wetu ni kijana wa mtaani, mchapakazi, wiring ya nyumba anaijua vizuri, akasema "dada hizi balbu ni feki, Kariakoo wamekupiga." Nikarudi nikanunua za bei juu, karibu mara mbili ya zile. Kidogo ikawa afadhali, lakini bado zinacheza. Akapanda tena, akashusha transfoma mbili, akazipima na mita yake, moja ikasoma sifuri na nyingine ikasoma volti 3 na kitu. "Hizi zimekufa, na hizi nyingine zimechoka. Tuweke kubwa dada, kubwa haichoki." Unaona ilivyo na mantiki? Ukinunua stabilaiza unachukua kubwa, ukinunua waya unachukua mnene, kwa hiyo na transfoma chukua kubwa. Zile za zamani zilikuwa za wati 60, tukanunua za wati 105 ili "zisipate shida". Kila moja elfu 14, nikanunua sita kwa kuanzia.

Zikawa mbaya zaidi! Ambazo zilikuwa zinapepesa sasa haziwaki hata kidogo.

Kilichonifumbua macho ni kona ya dining. Pale mwenye nyumba wa zamani aliunga taa mbili ndogo za wati 20 kila moja, nje ya zile 12, kwenye transfoma moja ya 60, na LED ziliponiishia nikaacha moja ya zamani palepale. Sasa hiyo kona ilikuwa imetulia kabisa, LED inawaka vizuri pembeni ya halojeni, wala haichezi. Nikiitoa ile halojeni tu, LED inaanza fujo. Nikirudisha, inatulia. Nikamsimulia mzee mmoja jirani yetu, mstaafu, maisha yake yote alikuwa kwenye umeme. Akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, hizo transfoma hazijafa, zina njaa. Niletee moja niisome."

Kuisoma, sio kuipima. Hapo ndo nilipojifunza kitu ambacho ningejua mapema ningeokoa kama laki mbili. Transfoma yenyewe ni kidude cheupe cha plastiki, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, chepesi. Tukamulika lebo na tochi ya simu maana maandishi ni madogo sana. Upande mmoja PRI 220-240V, huo ndo unaingia umeme wa nyumbani. Upande wa pili SEC 12V~, huo ndo unaenda kwenye balbu, na kale kamstari ka wimbi maana yake ni AC, yaani umeme unaogeukageuka kama wa ukutani, sio ile AC ya kupoza. Halafu katikati: 20-60W. Mzee akaweka kidole kwenye ile 20. "Watu wote wanasoma 60. Soma hii."

Yaani hizi transfoma za elektroniki zina mzigo wa juu na mzigo wa chini. Ile 60 ni kwamba usizidishe, sawa, hiyo kila mtu anajua. Ila ile 20 ni kwamba chini ya hapo haikuhakikishii kitu. Ndani yake hamna chuma na kopa nzito kama transfoma za zamani, kuna saketi inayokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na ili iendelee kujiendesha inataka balbu ivute umeme wa kutosha. Halojeni ya wati 50 inaishibisha. LED ya wati 5 inavuta kidogo sana, inaanza inakata, inaanza inakata, na hiyo ndo unaiona kwa macho kama kupepesa. Sasa zile kubwa nilizonunua zimeandikwa 35-105W. Umeona tulichofanya? Transfoma inayotaka angalau wati 20 ilikuwa inashindwa na LED ya 5, tukaitoa tukaweka inayotaka angalau 35. Kubwa ndo ina njaa zaidi.

Na ile mita ya fundi haikuwa na kosa, imetumika tu pasipostahili. Hizi transfoma zikiwa hazina balbu, nyingi hazianzi kabisa, ndo maana unapata sifuri. Na hata zikianza, umeme wake unatoka kwa hertzi makumi elfu, yaani unageuka mara hizo kwa sekunde, wakati multimita ya kawaida ya elfu 20 imetengenezwa kwa hertzi 50 za ukutani, inakupa namba ya ajabu ajabu. Njia ya mzee ni rahisi: anayo halojeni moja nzima ya wati 50 kwenye mfuko wa zana, anaichomeka, ikiwaka vizuri transfoma ni nzima. Zile zangu mbili "zilizokufa" zote ziliwaka. Na mimi nimebakiza halojeni yangu moja kwa kazi hiyo, na nakushauri usizitupe zote.

Wazo la kwanza nililokuja nalo mi mwenyewe lilikuwa kujumlisha, kama inataka 20 basi tuunge LED nne za wati 5 kwenye moja, si 20 hiyo? Mzee akaniacha nijaribu. Zikawaka, mbili za mwanzo zimetulia, za mbali bado zinatetemeka. Sababu ni mbili. Moja, LED haivuti umeme kwa mtiririko kama halojeni, inavuta kwa vipande, kwa hiyo wati 20 za LED haziihesabii transfoma kama wati 20 za halojeni. Pili, waya wa kutoka kwenye transfoma ya elektroniki kwenda kwenye balbu unatakiwa uwe mfupi, nyingi wanaandika usizidi mita 2, kwa sababu ya huo umeme wa kasi unaopotea njiani na kuleta kelele kwenye redio. Sisi tulikuwa tunaenda karibu mita 8.

Kwa hiyo tukaachana nazo. Sebule na dining tukaweka draiva za LED, zinazoingiza 230 na kutoa volti 12 DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, za wati 30, tatu tu, kila moja inabeba taa nne. Wati 20 kwenye draiva ya 30, kuna nafasi, haichemki, maana huku juu chini ya bati mchana ni tanuri, na kwenye lebo kuna kitu kinaitwa ta, hilo ndo joto la mazingira inaloweza kuvumilia. Draiva ikiwa inabeba mpaka namba yake ya mwisho na iko kwenye dari la Dar, usitegemee miaka mingi. Hizi hazina ule usumbufu wa mzigo wa chini, na waya unaweza kwenda mbali kiasi. LED nne ni kama ampea 1.7, kwa waya wa unene wa 1.5 wenye urefu wa mita 8 unapoteza kama volti 0.3 tu, huwezi kuona tofauti. Zingekuwa halojeni nne za 50 hapo ingekuwa karibu ampea 17, na waya huohuo ungekula zaidi ya volti 3. Ndo maana yule mwenye nyumba aliweka transfoma moja kwa kila taa ya 50, hakuwa mjinga, aliweka kwa balbu za wakati wake.

Kwa kuwa waya wa 1.5 tayari ulikuwa unapita kutoka transfoma hadi transfoma, mzee aliweka draiva mwanzoni mwa kila kundi, na kuanzia hapo waya uleule ukawa wa volti 12. Akazungushia tepu ya njano kila baada ya hatua kadhaa na kuandika 12V kwa maka peni. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivo akasema kuna siku fundi mwingine atapanda humu kuongeza feni, akiuona waya wa kawaida wa 1.5 ataunga tu. Na kabla ya yote hayo alizima breka, akajaribu swichi, na bado akapima kwa tesita kabla ya kushika, pamoja na uzee wote ule.

Angalia balbu kabla ya kununua draiva ya DC. Zangu zimeandikwa 12V AC/DC, hizo zinakubali zote na ukigeuza waya haina neno. Zipo zilizoandikwa DC tu na hapo chanya na hasi lazima uzifuate, na ukizipeleka kwenye transfoma ya AC unaweza kuzichoma. Dima yetu ya sebuleni, ile swichi ya kuzungusha ya kupunguzia mwanga, ilibidi itoke, draiva kama haijaandikwa kwamba inakubali dima basi haikubali, usilazimishe.

Korido tulifanya tofauti, tukatoa transfoma kabisa tukaweka holda za GU10 na balbu za 230. Ndo njia ya bei nafuu kuliko zote na mafundi wengi watakushauri hiyo kwa nyumba nzima, na sio ushauri mbaya. Shida ni kwamba kale kawaya kanakotoka kwenye transfoma kwenda kwenye taa mara nyingi ni kale kembamba kama ka spika, kametosha kwa volti 12 lakini hakatakiwi kubeba 230. Kwetu kalikuwa hivo, tukakata kote tukavuta waya mpya, na fremu za taa kwa kuwa ni za chuma tukaziunga na athi. Fundi akikuambia "tunabadilisha holda tu dakika tano" mwambie ashushe kwanza huo waya muuone.

Bafuni hapo usifanye huo mchezo. Taa iliyo juu ya bomba la mvua iache kwenye volti 12, na transfoma au draiva yake iwe imeandikwa SELV, yaani upande wa 12 umetengwa kabisa na upande wa 230. Ya kwetu ilikuwa imekaa juu ya dari la bafu palepale mvuke unapopanda, mzee akaihamishia upande wa korido, na taa yenyewe tukaweka ya IP65, isiyoingiza maji. Hilo sikubishana naye.

Jikoni ndo kulikuwa na kesi ya aina nyingine. Kule kuna taa za duara bapa, LED imo ndani yake, hakuna balbu ya kuchomoa, na kila moja ina kidraiva chake kinaning'inia na soketi ndogo. Kimoja kilikufa umeme uliporudi kwa nguvu. Dukani wakanipa kingine, soketi imeingia vizuri, taa ikawaka inang'aa kuliko wenzake, nikafurahi. Wiki haikuisha ikawa imeungua. Lebo ya zamani ilikuwa imeandikwa 300mA (mA ndo mkondo), 24-42V. Niliyopewa ilikuwa 600mA. Hizi draiva hazitoi volti moja kama zile za sebuleni, zinatoa mkondo mmoja na volti inajipanga yenyewe kwenye hiyo nafasi, kwa hiyo ukiipa taa mkondo mara mbili unaiua. Na wala huwezi kuiwasha kwa transfoma ya volti 12, fundi kijana alijaribu, haikuwaka. Kwa taa za namna hii mA ndo ya kwanza kufananisha, halafu volti, wati mwisho. Ukienda dukani nenda na draiva iliyokufa, uziweke lebo mbili pamoja juu ya kaunta kabla hujatoa hela.

Bustanini ndo kulinishangaza. Kule taa sita zimepangwa pembeni ya njia mpaka getini, kama mita 25, zilikuwa halojeni za wati 20, na ya getini siku zote ilikuwa ya njano imefifia. Transfoma yake sio ya elektroniki, ni ile ya zamani ya chuma, nzito hata kuibeba, inaunguruma. Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10, na kwa waya wa 2.5 uliokuwepo taa ya mwisho ilikuwa inapata volti 10 na kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta bei ya waya wa 4 na kijana wa kuchimba. Mzee akasema weka LED kwanza. Tukaweka za wati 7, jumla 42, ampea 3 na nusu, basi, tatizo likaisha bila kuchimba hata sentimita moja. Transfoma za chuma hazina njaa kabisa, hata uunge LED moja inawaka imetulia, na multimita inaisoma vizuri maana umeme wake ni wa hertzi 50 zilezile. Ikiwa na mzigo mdogo volti inapanda kidogo, yetu inasoma karibu 13, balbu zimevumilia mpaka leo. Kazi kubwa kule ilikuwa konekta, chumvi ya bahari imezila zimekuwa kijani, tukakata ncha zote, tukaunga upya ndani ya viboksi visivyoingiza maji.

Kwenye hela, draiva tatu za sebuleni zilikuwa elfu 22 kila moja, mzee alichukua elfu 60 kwa kazi yote na chai, korido holda na balbu na waya kama elfu 50. Hivyo ndo vilivyofanya kazi. Visivyofanya kazi ni balbu za kwanza, transfoma sita za 105 ambazo duka lilikataa kuzirudisha kwa sababu "zimeshafungwa", taa ya jikoni iliyoungua, na ufundi wa mwanzo. Fundi kijana sina ugomvi naye, alikuja akakaa na mzee mchana mzima pale kwetu, na siku hizi anapiga picha lebo kabla hajagusa kitu.

Transfoma zenyewe bado ninazo kwenye boksi stoo, za 60 na zile za 105, zote nzima kabisa. Mtu ambaye bado anatumia halojeni za 50 hapa Dar zinamfaa, aje achukue.